Pesa za bustani yetu ziko mstari gani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya bustani na viwanja vya watoto, nadhani ni kwa sababu shule zimefungwa na wazazi wameona kwa macho yao kwamba watoto hawana pa kwenda. Nimechagua sita. Zingine nimezikata kidogo manake zilikuwa ndefu, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mtaani kwetu kuna bustani ndogo ya kaunti, ina bembea mbili, moja mnyororo umekatika tangu mwaka juzi na ile ingine mbao imeoza. Kila mwaka naskia kwa redio ati bajeti imetenga pesa za bustani na burudani. Mwaka jana nilimuuliza mwakilishi wadi wetu akaniambia "hiyo iko kwa bajeti". Mwaka huu nimemuuliza tena, jibu ni lile lile. Sasa iko kwa bajeti maanake nini, na mtu kama mimi anaanzia wapi? (Mama wa Watatu, Pwani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo jibu la "iko kwa bajeti" limewalaza wengi, kwa hivo wacha nikae nalo kidogo.

Kuwa kwa bajeti si kuwa na pesa. Bajeti ni ruhusa ya kutumia, basi. Bunge la kaunti linaipitisha kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na kutoka hapo ndo safari inaanza. Pesa zenyewe zije kutoka mgao wa serikali kuu na mapato ya ndani, yaani leseni, parking, ada za soko na kadhalika, halafu kaunti iombe kuzitoa na Msimamizi wa Bajeti akubali, hapo tu ndo mtu anaweza kulipwa. Sasa mapato ya ndani yakija pungufu, na mara nyingi yanakuja pungufu, kuna kitu lazima kikatwe. Mishahara haikatwi. Dawa za hospitali zikikosekana watu watapiga kelele. Bembea ya mwanao haina wa kuipigia kelele, kwa hivo inakatwa ya kwanza, na haikatwi hadharani, inakatwa kwa bajeti ya nyongeza, ile ya kurekebisha ya kwanza, huko katikati ya mwaka wakati redio haizungumzii bajeti tena.

Bajeti ya nyongeza, tafadhali liandike hilo neno mahali. Watu wanajaa ukumbini mwezi wa tano kusikiza makadirio, wanapiga makofi, wanaenda nyumbani, kisha miezi sita baadaye mstari wao kwenye kitabu cha bajeti unapunguzwa na hawana habari. Mwaka mmoja nilikuwa kwa kikao cha namna hiyo, viti vya plastiki, feni moja inalia, watu kama tisini na kitabu cha bajeti kilikuwa kimoja, kinene kama Kurani ya msikitini, kinapita mkono kwa mkono. Kilipofika kwangu nilikuwa na dakika mbili hivi. Nikafungua idara inayoshika bustani nikanakili mstari mmoja tu kwa kiganja cha mkono, kwa biro, namba yake na kiasi chake. Jirani yangu akanicheka. Lakini ule mstari mmoja ndo ulionisaidia mwaka mzima, manake kila nilipoenda ofisi yoyote sikuuliza "bustani yetu vipi", nilitaja namba, na mtu ukimtajia namba anashuka miwani anakutazama.

Kwa hivo anza hapo, usitafute kitabu chote, tafuta mstari wako. Na kwa hali yako itafute miwili, manake pesa za bustani huwa zimekaa mahali pawili tofauti. Kuna za maendeleo, ndo kujenga kipya, ukuta, njia, vyoo, na sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende huko. Halafu kuna za matumizi ya kawaida, ndo kukata nyasi, askari wa geti, balbu, na kutengeneza bembea iliyokatika. Mnyororo wako uko huku kwa pili. Na mimi miaka yote niliyofuatilia mambo haya, huku kwa pili ndo kunakonyimwa kuliko kote, manake bembea mpya ina utepe wa kukata na mnyororo uliotengenezwa hauna utepe. Inaniuma sana hii. Mji unaweza kuwa na bustani mpya kila baada ya miaka mitano na watoto wasiwe na bembea hata moja inayobeba uzito.

Ukishapata mstari, kila baada ya miezi mitatu Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya kaunti zote 47, iko kwa tovuti yake bure. Hapo utaona idara ilitengewa ngapi, ikaruhusiwa kutoa ngapi, ikatumia ngapi. Ripoti inaishia kwa idara na programu, haishuki mpaka bembea yako, lakini ukiona idara nzima karibu mwaka unaisha haijatumia shilingi ya maendeleo basi jibu la "iko kwa bajeti" umeshalijua thamani yake. Ya kushuka mpaka bembea inahitaji barua, na hiyo nimemjibu mwenzako hapa chini.

SWALI: Mwalimu mimi niliishia darasa la nane na kizungu changu ni cha kubahatisha. Nilienda ofisi moja ya serikali kuuliza gharama za uwanja wa mpira wa mtaa wetu nikaulizwa "wewe ni nani na unataka za nini?" nikarudi. Kuna njia? (Fundi Baiskeli)

JIBU: Kuna njia ndugu yangu, na ni yako kabisa.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari kuitilia nguvu. Sheria hiyo inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza AU kwa Kiswahili. Na mtu asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, aende aseme kwa mdomo na afisa ndo aandike, kisha ampe kopi. Tena sheria hiyo hiyo inasema haki yako haiguswi na sababu unayotaka habari, wala na mawazo ya afisa juu ya sababu zako. Kwa hivo lile swali la "unataka za nini" huna deni la kulijibu. Jibu kwa adabu tu, mwambie nataka kujua, na uache barua.

Barua iwe fupi. Mimi huandika hivi: "Mimi ni raia wa Kenya. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya mkataba wa kazi ya uwanja wa mahali fulani, BQ yake, yaani orodha ya vitu na bei zake, na orodha ya malipo yaliyofanywa mpaka leo." Tarehe, sahihi, namba ya simu. Usieleze hasira zako humo, hasira zina siku yake. Chapa kopi mbili, moja wapigie muhuri wa kupokea urudi nayo. Huo muhuri ndo saa yako inaanza kuhesabu, wana siku 21. Kuomba ni bure, gharama ni ya kutoa kopi tu.

Siku 21 zikipita kimya, kimya hicho kisheria kinahesabiwa kama wamekunyima, na una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, wengi wanaiita Ombudsman. Nao hawatozi. Nimeona watu wengi wanakata tamaa hapa hapa siku ya ishirini na mbili, wanasema hawa hawajibu, kumbe ndo mlango umefunguka.

SWALI: Juzi tulienda na maharusi kupiga picha bustani moja ya umma mjini, jamaa akatokea na shati la bluu akasema picha za harusi ni elfu mbili, tukalipa kwa simu yake. Ni halali hiyo? Na inaenda wapi? (Mpiga Picha)

JIBU: Ada yenyewe yaweza kuwa halali, njia mliyolipia ndo haiko sawa.

Kaunti inaruhusiwa kutoza huduma zake lakini lazima ada iwe imepitishwa na sheria, na ada za kaunti hutoka kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ina jedwali refu mpaka bei ya kuweka hema uwanjani. Tafuta jedwali uangalie kama picha za harusi zimo na ni ngapi. Kisha pesa yoyote inayokusanywa na kaunti inatakiwa iingie Mfuko wa Mapato ya Kaunti, haitakiwi kukaa kwa simu ya mtu hata usiku mmoja. Siku nyingine omba namba ya malipo ya kaunti na risiti. Akikosa, usilipe, na usigombane naye, piga picha tu ile bango ya bustani kisha andika barua ile ile niliyomweleza fundi, uulize bustani hii imeingiza kiasi gani mwaka jana. Swali hili huwa haliulizwi na ningependa liulizwe kila mji. Bustani ina harusi kila Jumamosi, ina wauza aiskrimu, ina maegesho, halafu kwenye vitabu inaonekana imeingiza pesa kidogo kisha tunaambiwa hakuna ya kutengeneza choo.

SWALI: Mwalimu niaje. Babangu anatuambia kila siku vile Wangari Maathai aliokoa Uhuru Park. Sawa, iliokolewa. Lakini ikafungwa 2021 ikakarabatiwa, na kila nikiuliza ni nani alikuwa anasimamia pesa za ile kazi napewa jina tofauti. Kaunti? Serikali kuu? Nani hujibu? (Kijana wa Eastlando, Nairobi)

JIBU: Swali lako ni zito kijana, na babako amekusimulia kweli.

Uhuru Park ilifunguliwa kwa wananchi na Mzee Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969. Mwaka 1989 ikatakiwa kujengwa humo jumba la ghorofa 60 la gazeti la Kenya Times. Watu humkumbuka Wangari kwa miti na maandamano lakini silaha yake ya kwanza kwa ile vita ilikuwa barua. Aliandika kwa maofisi ya serikali, kwa mashirika ya kimataifa, kwa ubalozi, akiuliza maswali ya kawaida kabisa ya mwenye mali. Hakujibiwa, bungeni wakamkejeli, akaendelea kuandika mpaka wafadhili wa nje wakajitoa na jumba likafa. Na kumbuka wakati ule hapakuwa na Kifungu cha 35 wala siku 21 wala Ombudsman. Alikuwa na karatasi na stempu. Mimi nikifikiria hivo huwa naona haya kuiacha barua yangu ikae mwezi bila kuifuatilia.

Sasa swali lako la nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti bustani, fuo na vituo vya burudani. Hiyo iko wazi. Lakini Februari 2020 kaunti ya Nairobi ilitia sahihi kukabidhi baadhi ya kazi zake kwa serikali kuu, likazaliwa lile shirika la NMS (Nairobi Metropolitan Services) chini ya Meja Jenerali Badi, nalo likakaa mpaka 2022. Ukarabati wa Uhuru Park ulianza wakati huo. Hapo ndo majina yanapokuchanganya, manake diwani atakwambia ile ilikuwa ya NMS, na NMS haipo tena, na wa serikali kuu atakwambia bustani ni ya kaunti.

Jibu liko Kifungu cha 187. Kazi ikihamishwa kutoka ngazi moja kwenda nyingine, wajibu wa kikatiba unabaki kwa yule aliyepewa kazi na Jedwali la Nne. Kwa hivo barua yako ya kwanza inaenda kaunti, hawawezi kukwambia haituhusu. Ya pili ipeleke serikali kuu kwa wizara ya fedha. Na soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za ile miaka ya fedha, ya NMS na ya kaunti, soma zote mbili na usisome ukurasa wa mwanzo tu, ingia ndani kwenye "msingi wa maoni" ndo kuna vitu.

Hali hii si ya Nairobi peke yake. Mama Ngina pale Mombasa, kule tulikofanyia Mashujaa ya 2019, ilitengenezwa na serikali kuu kwa shilingi milioni 460, na waliokuwa wakiitumia tangu utotoni, wa madafu na wa mihogo, wao wanaijua kama mahali pao tu. Anayejenga ni mmoja, anayefagia ni mwingine, na mwananchi akiuliza anatumwa huku na huku. Ndo maana nasisitiza, kabla kazi haijaanza ulizeni nani ataitunza na pesa za kuitunza ziko mstari gani. Jengo likishaisha hilo swali halijibiki tena.

Na usiwaache wakwambie mlishirikishwa kwa tangazo la gazeti. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu kwa sababu hiyo hiyo, ikasema kaunti inafaa kuwafikia watu makanisani, misikitini, kwa mabaraza, kwa redio za lugha zao.

SWALI: Shikamoo Mwalimu, mimi niko Dar, Magomeni. Naona unajibu sana za Kenya. Sisi huku kwa viwanja vya wazi vinavyoliwa kidogo kidogo tuanzie wapi? (Msomaji wa Dar)

JIBU: Marahaba, umenikumbusha vizuri. Kwenu pesa za viwanja zinapita manispaa, kwa hiyo kitabu unachotafuta ni cha halmashauri yako na mwaka wenu nao unaanza Julai. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, nenda ukakae, hata usiposema kitu, ukirudi kikao cha pili watakuuliza jina. Nanyi mna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, tofauti ni siku, kwenu ni 30. Na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu wa kwenu, ya serikali za mitaa ikishawekwa mezani Bungeni mwezi Aprili ni mali yenu. Kwa kiwanja kinacholiwa, usiombe bajeti kwanza, omba ramani ya mipango miji ya mtaa wenu. Bila ramani mtabishana na ukuta.

SWALI: Mwalimu tulifuata mawaidha yako ya mwaka jana. Sisi ni wazee watano tunacheza bao kwa bustani moja. Tuliandika, siku ya kumi na tisa tukapewa BQ na mkataba wa ukarabati wa hiyo bustani. Sasa tumezikalia karatasi, namba nyingi, tufanye nini? (Wazee wa Bao)

JIBU: Wazee wangu hongereni sana, barua hii nimeisoma mara tatu na ya mwisho nilimsomea mke wangu.

BQ si kitu cha kuogopa, ni orodha ya duka. Kushoto kitu, katikati idadi, kulia bei. Msianze na bei, anzeni na idadi manake idadi haihitaji mtaalamu. Imeandika mabenchi mangapi? Nendeni saa kumi na mbili asubuhi kabla watu hawajakaa, myahesabu. Taa za sola ngapi? Rudini saa moja usiku, msihesabu milingoti, hesabuni zinazowaka.

Kisha kabro, yale matofali ya kutandika njia. Hapa mnahitaji futi ya fundi na uvumilivu. Kabro za kupita watu kwa kawaida zina unene wa milimita 60, za kupita magari ni 80, na bei zake hazilingani hata kidogo. Tazameni BQ inasema unene gani. Halafu msing'oe, msije mkashikwa kwa kuharibu mali ya umma, tafuteni pembeni ambapo ukingo umevunjika, huwa pako, ingizeni futi ubavuni. Mwaka mmoja nilienda na mzee mmoja mwashi mstaafu kwa bustani moja, alichuchumaa pale ukingoni na futi yake ya mbao iliyofutika namba nusu, akapima moja, akahamia ya pili, akapima sita bila kusema neno. Kwa BQ ilikuwa 80. Akanionyesha kidole kwenye futi, 60 barabara. Hiyo njia ilikuwa imeandikwa gari la takataka lipite, na ndo maana ilikuwa imebonyea mabonde mabonde na maji yamesimama.

Andikeni mlichokuta kwa jedwali la safu tatu, iliyoandikwa, tuliyoikuta, tarehe. Picha zipigwe kutoka sehemu moja, na kitu cha kulinganisha ndani, futi au hata kete ya bao. Msiandike "wizi", andikeni tofauti. Yawezekana kazi haijakwisha, yawezekana mkataba ulibadilishwa na kuna karatasi ya kubadilisha, ombeni na hiyo. Kwenye orodha ya malipo angalieni kama kontrakta ameshalipwa yote au kuna asilimia imezuiliwa mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Ikiwa imezuiliwa mna bahati, harakisheni, manake kabla haijatoka kaunti inaweza kumrudisha site arekebishe kwa gharama yake.

Jedwali likiwa tayari lipelekeni kwa bunge la kaunti kama ombi rasmi, ni haki ya mkazi yeyote, na kopi moja kwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu. Mzee mwenye mwandiko mzuri ndo aandike. Na kopi yenu ya ombi, ile iliyopigwa muhuri wa kupokea, msiiweke kwa droo ya mtu mmoja, kila mmoja wenu awe na yake.